Cape Point: Mnara wa taa uliojengwa juu mno, na ule wa chini ambao wageni wengi hawauoni

Mleta uzi

Wanajukwaa, salaam.

Ndugu zetu wengi wanaokwenda Cape Town kwa masomo, biashara au mikutano hupata angalau siku moja ya mapumziko, na swali la wapi pa kwenda huulizwa hapa mara kwa mara. Nimeona nianzishe uzi kuhusu Cape Point, jabali lililo mwisho wa rasi, takriban kilomita 60 kusini mwa katikati ya jiji, ambalo juu yake umesimama mnara wa taa uliowashwa kwa mara ya kwanza tarehe 1 Mei 1860. Picha za mnara huo zimeenea kila mahali. Jambo ambalo wengi wanaozipiga hawaelezwi ni kwamba mnara ule ulishindwa kazi yake kwa sababu uliwekwa juu mno, na kwamba taa inayoongoza meli leo iko chini yake, kwenye ncha ya mwisho ya jabali, upande ambao wageni wengi hawajisumbui kuufikia. Kwa maoni yangu, anayeuona mnara wa juu akaondoka bila kuuona wa chini amesikia nusu ya kisa, na nusu aliyoikosa ndiyo yenye uzito zaidi.

Kwanza tujiulize kwa nini taa ilihitajika pale. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwezi Novemba 1869, na kabla ya hapo chombo chochote kilichotaka kutoka Ulaya kwenda Bahari ya Hindi, au kutoka huku kwetu kwenda Ulaya na Marekani, kililazimika kuizunguka rasi hii. Bartolomeu Dias aliizunguka mwaka 1488. Vasco da Gama alipita Novemba 1497, na Aprili 1498 akawa amefika Mombasa na Malindi. Njia hiyo haikuwa ya Wareno peke yao. Merikebu Sultana ya Sayyid Said, iliyoondoka Unguja mwaka 1840 ikiwa na mjumbe wake Ahmad bin Na'aman kwenda New York, ilipita maji haya haya miaka 20 kabla taa haijawashwa. Mabaharia wa zama zile walikuwa wakiipita nchi ya giza yenye miamba iliyojificha chini ya mawimbi, huku upepo wa kusini-mashariki ukivuma kwa nguvu miezi yote ya kiangazi na dhoruba za kaskazini-magharibi zikiwasubiri wakati wa baridi. Jina la Rasi ya Dhoruba, ambalo rasi hii ilipewa zamani, halikutungwa na watu waliopenda kutia chumvi.

Waliojenga mnara wa kwanza walifikiri kama ambavyo wengi wetu tungefikiri: kadiri taa inavyokuwa juu, ndivyo itakavyoonekana mbali. Kwa hesabu tupu hawakukosea. Taa iliyo mita 238 juu ya usawa wa bahari inaweza kumulika hadi upeo wa macho ulio umbali wa takriban kilomita 55, na kwa baharia aliyesimama juu ya sitaha umbali huo huongezeka kwa kilomita kumi hivi. Ndiyo maana mnara wenyewe ni mfupi. Ni mnara wa chuma uliotengenezwa Uingereza kwa vipande na kuja kuunganishwa huko, na urefu wake ni kama mita 9 tu, kwa kuwa kazi ya kuupandisha mwanga ilikwisha kufanywa na mlima. Mgeni anayetarajia kukuta jengo refu hushangaa kuona kimnara cheupe ambacho, kama kingekuwa uwanjani mjini, asingegeuza shingo kukitazama.

Kilichosahaulika ni mawingu. Upepo wa baharini uliojaa unyevu ukigonga jabali hauna pa kwenda isipokuwa juu. Ukipanda hupoa, na ukipoa unyevu wake hugeuka wingu papo hapo juu ya kilele. Nimelishuhudia jambo hili kwa macho, na ningependa kila anayekwenda abahatike kuliona. Ukutani karibu na mnara jua lilikuwa linawaka, kisha kwenye ukingo wa genge pakatokea kitu kama moshi mwembamba kikipanda kwa kasi. Mnara uliokuwa hatua chache kutoka nilipo ukafifia, na mikono ya watu waliokuwa wameshika vyuma vya ukingo ikaanza kulowa. Nilishuka ngazi kidogo tu, nikatoka ndani ya wingu; bahari chini ilikuwa safi kabisa, na mashua ya wavuvi ilionekana wazi hadi rangi ya ubavu wake. Kama ingekuwa usiku, wavuvi wale wangeinua macho na kuona weusi mtupu, ilhali mlinzi wa taa aliye juu angeapa kwamba taa yake inawaka vizuri. Na angekuwa anasema kweli.

Kulikuwa na kasoro ya pili, ambayo kwa mtu wa bahari ni mbaya kuliko ya kwanza. Usiku usio na mawingu, taa ile ilionekana mapema mno. Chombo kilichokuwa kikija kutoka upande wa magharibi kuizunguka ncha kuelekea mashariki kiliiona taa kikiwa bado hakijafika mahali salama pa kugeukia, na nahodha, akiamini kwamba taa aionayo ndiyo alama yake, alijikuta akiisogelea nchi kavu kuliko ilivyofaa. Kusini mwa ncha kuna mwamba uitwao Bellows Rock, ambao bahari huupasukia juu yake hata siku ya utulivu. Kwa hiyo taa ilijificha siku ambazo ilihitajiwa zaidi, na siku ilizojitokeza iliwavuta watu karibu na hatari.

Usiku wa tarehe 18 Aprili 1911 meli ya abiria ya Kireno iitwayo Lusitania, iliyokuwa safarini kutoka Lourenço Marques, yaani Maputo ya leo, kwenda Lisbon, iligonga Bellows Rock katika ukungu. (Msiichanganye na Lusitania ya Waingereza iliyozamishwa karibu na Ireland mwaka 1915, ni meli mbili tofauti.) Ndani yake mlikuwa na watu zaidi ya 700. Wengi mno waliokolewa, lakini wapo waliokufa maji baada ya mashua ya kuokolea kupinduka katika mawimbi, na meli yenyewe iliteleza kutoka mwambani na kuzama. Kumbukeni kwamba taa ilikuwa juu ya mlima pale pale, na ilikuwa imekwisha kutumika karibu miaka 51.

Baada ya ajali hiyo uamuzi wa kuihamisha taa haukuweza kukwepwa tena. Ujenzi wa mnara mpya ulianza mwaka 1914, na taa yake iliwashwa mwaka 1919. Safari hii waliuweka mita 87 tu juu ya bahari, kwenye jabali la mwisho kabisa, chini ya kimo ambacho mawingu hupenda kutulia. Walikipunguza kimo karibu mara tatu, wakakubali mwanga uishie upeo wa karibu zaidi, kisha wakafidia kwa taa yenye nguvu kubwa. Leo ni miongoni mwa taa zenye nguvu zaidi katika pwani yote ya Afrika Kusini, na alama yake ni mimweko 3 katika kila sekunde 30, ili baharia ajue kwa kuhesabu kwamba hii ni Cape Point na si taa nyingine.

Sasa niseme kuhusu ziara yenyewe. Eneo lote liko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Table Mountain, na utalipa kiingilio langoni. Bebeni pasipoti, kwa maana hifadhi za taifa za Afrika Kusini zina desturi ya kutoza viwango tofauti kwa raia wao, kwa raia wa nchi za SADC na kwa wageni wengine. Mtanzania na Mkongo wa Kinshasa wamo katika SADC, Mkenya na Mganda hawamo. Usafiri wa umma haufiki kwenye mnara, hivyo ni ama kukodi gari, ama kuungana na kundi la watalii, ama kwenda hadi mji wa Simon's Town na kuchukua teksi kutoka hapo. Kutoka langoni hadi maegesho ni mwendo mrefu kidogo katikati ya vichaka vifupi vya fynbos, na njiani mnaweza kuwaona mbuni na swala wa huko waitwao bontebok.

Kutoka maegeshoni hadi karibu na kilele kuna njia mbili: kupanda kwa miguu kwenye njia iliyosakafiwa, au kupanda kigari cha reli kinachovutwa kwa kebo, kinachoitwa Flying Dutchman kwa kufuata hadithi ya jahazi la mizimu linalosemwa kuonekana katika maji haya. Kigari hicho huchukua dakika chache tu. Mimi nashauri mwenye afya apande kwa miguu, kwa sababu kila kona inafungua sehemu nyingine ya ghuba ya False Bay, na kupumzika njiani kuna faida yake. Hata mwenye kupanda kigari bado atakuta ngazi za mwisho za kuufikia mnara.

Ukishaufikia mnara wa juu na kupiga picha kwenye nguzo yenye vibao vya umbali wa miji ya dunia, tafadhali usigeuze kurudi. Shuka kidogo na ufuate njia nyembamba inayokwenda juu ya mgongo wa jabali kuelekea kusini. Njia hiyo haikufikishi mlangoni mwa mnara mpya, lakini inakufikisha mahali pa kuutazama kutoka juu, ukiwa umekaa mwambani na bahari iko kulia na kushoto kwako. Hapo ndipo hesabu yote niliyoieleza hapo juu inapoeleweka bila mtu kukusomea: geuka nyuma uuone ule wa juu, tazama mbele uuone ule wa chini, kisha angalia mawingu yanapita kimo gani.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta uzi, ahsante kwa maelezo yaliyoshiba. Naomba ufafanuzi kuhusu jambo moja. Nilipokwenda, dereva aliyetupeleka alitueleza kwamba pale mnarani ndipo Bahari ya Hindi na Bahari ya Atlantiki zinapokutana, na kwamba hapo ndipo mwisho wa bara la Afrika. Wenzangu walipiga picha wakidai kwamba wanaona mstari wa rangi mbili majini. Je, hilo ni kweli?

Mleta uzi

Ahsante kwa swali, ndugu. Mwisho wa Afrika upande wa kusini si hapo. Ni Cape Agulhas, iliyo umbali wa kilomita 150 hivi kuelekea kusini-mashariki, ambako nako kuna mnara wa taa wa zamani uliowashwa mwaka 1849, na mpaka rasmi wa bahari hizo mbili umewekwa kwenye longitudo inayopita hapo. Maji yenyewe hayafuati mpaka wa ramani: mkondo wa joto wa Agulhas unaoshuka kutoka upande wetu wa Msumbiji na mkondo wa baridi wa Benguela unaopanda upande wa magharibi hukutana katika eneo pana linalosogea kufuatana na majira. Mstari ambao wenzako waliuona unaweza kuwa povu, kivuli cha wingu, au mahali ambapo mawimbi ya pande mbili yamekutana.

Heshima ya Cape Point iko penginepo. Kwa chombo kinachotoka kaskazini kikifuata pwani ya Atlantiki, hapa ndipo pwani inapokoma kwenda kusini na kuanza kugeukia mashariki. Nahodha aliyefika hapa alijua kwamba safari yake ya kwenda Malindi, Unguja au Goa ya India imebadilika uelekeo, na waliokuwa wakirudi nyumbani kutoka mashariki walikuwa wakiisubiri kwa hamu hata wakaikosea: waliona rasi ya Cape Hangklip iliyo upande wa pili wa ghuba, wakadhani ndiyo Cape Point, wakageuza kuelekea kaskazini na kujikuta wameingia ghubani. Kwa sababu hiyo ghuba ile ikaitwa False Bay, Ghuba ya Uongo. Ukiwa mnarani siku isiyo na mawingu unaziona rasi zote mbili, na unaelewa kabisa ni vipi mtu aliyechoka baada ya miezi baharini angeweza kuzichanganya.

Mchangiaji wa pili

Assalaam alaykum. Mimi ni mwenyeji wa Unguja na uzi huu umenigusa, kwa kuwa sisi tumekulia karibu na minara ya namna nyingine kabisa. Nungwi tuna mnara uliojengwa mwaka 1886, hata mtaa wake ukaitwa Mnarani, na kisiwa cha Chumbe kina mnara wa mwaka 1904 ambao mgeni huruhusiwa kuupanda hadi juu. Visiwa vyetu ni vya matumbawe, tambarare, kwa hiyo mwashi ndiye aliyelazimika kuutafuta urefu. Ukiupanda wa Chumbe unazunguka ngazi mpaka miguu inatetemeka. Nikisoma kwamba huko mnara ni wa mita 9 tu nashawishika kwamba mnara wa taa hauwezi kusomwa peke yake. Lazima usomwe pamoja na ardhi iliyoubeba. Swali langu ni hili: kwa kuwa mnara wa zamani haukuwa na kazi tena baada ya 1919, kwa nini hawakuubomoa?

Mleta uzi

Waalaykum salaam, ndugu yangu wa Unguja. Nyongeza yako ya Chumbe na Nungwi ndiyo hasa niliyokuwa nikiitamani, na ningependa siku moja wewe mwenyewe uanzishe uzi wa minara hiyo.

Kuhusu swali lako, mnara wa zamani uliachwa, na leo sehemu ile ya kilele hupokea watu wengi sana. Mimi naona waliutendea haki. Jengo lililokosea linafundisha kuliko jengo lililopatia, mradi wanaolitembelea waambiwe ukweli wake. Kinachonisikitisha ni kwamba waongoza wageni kadhaa niliowasikia pale walitaja mwaka, kimo na hadithi ya jahazi la mizimu, wakanyamaza kuhusu Lusitania na waliokufa maji. Mgeni akiondoka akiamini kwamba amesimama kwenye taa iliyookoa meli kwa miaka mingi, bila kujua kwamba ilibidi ihamishwe, basi tumemnyima sababu ya kuwapo kwa mnara wa pili. Tukio lile ni sehemu ya historia ya pwani hii yetu pia, kwa kuwa meli ilitoka Lourenço Marques na wengi wa waliokuwamo walikuwa Waafrika.

Ukipenda alama za baharia, usiache pia misalaba miwili mikubwa iliyosimamishwa ndani ya hifadhi kwa kumbukumbu ya Dias na da Gama. Wageni huiona kama sanamu za ukumbusho tu, lakini ina kazi: chombo kilicho ghubani kikiona msalaba mmoja umejipanga sawasawa na mwingine, mstari huo unaelekea Whittle Rock, mwamba uliojificha chini ya maji ya False Bay.

Mchangiaji wa tatu

Nakusudia kumpeleka mama yangu mzazi mwezi Julai. Umri wake umepita miaka 70 na magoti yanamsumbua. Je, anaweza kufika mnarani? Na vipi kuhusu nyani, maana nimesikia mengi?

Mleta uzi

Mpe mama shikamoo yangu. Kwa hali uliyoieleza, mpandisheni kigari cha kebo hadi kituo cha juu. Hapo tayari kuna mandhari ya kutosha, na kuna mahali pa kusimama na kushika. Ngazi kutoka hapo hadi mnarani ni nyingi na upepo wakati mwingine humtikisa hata kijana, kwa hiyo msimlazimishe. Ile njia nyembamba ya kuelekea mahali pa kuutazama mnara wa chini haimfai. Mmoja wenu aende apige picha, amletee na kumweleza.

Julai ni majira ya baridi na mvua huko, upepo ni wa kaskazini-magharibi, na lango hufungwa mapema kuliko miezi ya kiangazi. Faida yake ni kwamba kati ya mvua na mvua hewa husafishika na kuonekana mbali mno, na nyangumi huanza kuingia False Bay katika miezi hiyo. Angalieni utabiri wa hali ya hewa jioni ya kuamkia safari, na msitazame utabiri wa mjini peke yake; Cape Town inaweza kuwa na jua na kilele cha Cape Point kikawa ndani ya wingu. Mkikuta wingu, subirini kidogo kwenye mkahawa ulio karibu na maegesho kabla ya kukata tamaa, kwa kuwa upepo ukigeuka hufunguka ghafla.

Nyani ni jambo la kuchukuliwa kwa uzito. Wanajua mlango wa gari ambao haujafungwa kwa ufunguo, na wanajua mfuko wenye chakula. Nilimwona mmoja mkubwa akifungua mlango wa nyuma wa gari la familia iliyokuwa imeshuka kupiga picha, akaketi kitini na kuanza kumenya machungwa yao, na hakuna aliyethubutu kumkaribia. Fungeni vioo na milango hata kama mnashuka kwa dakika moja, msile mkiwa mnatembea, na msimpe mama abebe mkoba wenye chakula. Nyani akiushika, mwachieni, msivutane naye. Na msiwalishe hata kidogo, maana nyani aliyezoea chakula cha watu huwa mkali, na mwishowe wahifadhi hulazimika kumuua.

Mchangiaji wa kwanza

Nimeelewa, na nitarudi tena kuuona wa chini. Je, usiku mtu anaweza kuiona mimweko hiyo mitatu, ikiwa lango hufungwa jioni?

Mleta uzi

Ndani ya hifadhi huwezi kubaki usiku kwa kiingilio cha kutwa. Ukilala katika mji wowote wa upande wa pili wa False Bay, kwa mfano maeneo ya Gordon's Bay na Rooi-Els, tafuta mahali penye giza ufukweni, tazama ng'ambo ya ghuba upande wa kusini-magharibi, na hesabu. Ukiona mitatu, kisha kimya kirefu, kisha mitatu tena ndani ya nusu dakika, basi umeiona.